Maji ya Moto ya Rugenge

Rugenge, Uvira, mchana, siku moja kabla ya kuondoka kwako kwenda kwa mume

Feza,

Usifikiri ninaandika kwa sababu nimetulia. Nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yako. Tunalala nyumba moja, tunakula sufuria moja, lakini leo ulipotaka kuniuliza neno ulimtuma shangazi yako atoke jikoni aje barazani kama mjumbe wa serikali.

"Feza anauliza," akasema, mwiko ungali mkononi. "Damasi anataka kununua chauffe-eau kwa ile nyumba ya Bukavu. Anauliza wachukue ya kubwa ao ya kidogo. Anasema weye ndiye fundi."

Chauffe-eau. Tangi la kuchemshia maji. Katika mambo yote ambayo binti angeweza kumuuliza baba yake kabla ya kuondoka, umechagua hilo. Nilimwambia shangazi yako arudi kwenye sufuria zake. Sasa nakujibu mwenyewe, na utanisikiliza mpaka mwisho, hata kama miezi hii minne hukutaka kunisikiliza.

Habari za kupika na kukaa na mume sitazigusa. Hizo umekwisha kuambiwa na wanawake wote wa mtaa. Nakujibu ulichouliza.

Chukueni dogo. Mko wawili. Tangi kubwa linachemsha maji ambayo hakuna wa kuyaoga, yanapoa, yanachemshwa tena, na umeme wote unakwenda kupasha ukuta moto. Lifungwe karibu na chumba cha kuogea, kwa sababu maji yanayobaki njiani ndani ya tuyo ndefu, yaani bomba, yanapoa kabla ya kukufikia, na wewe unayamwaga ukingojea ya moto. Bukavu kuna baridi, kwa hiyo livisheni: gunia ndani, gunia nje, katikati pumba za mpunga zilizokauka vizuri. Acheni wazi mahali pa nyaya. Washeni kabla ya kuoga, ogeni mmoja baada ya mwingine, zimeni. Na msiyapashe mpaka yachubue ngozi. Maji ya kuchanganya na ndoo mbili za baridi ni kazi ya bure.

Hayo hata mtu wa duka angekuambia. Mimi ninalo moja ambalo yeye halijui, na kwa ajili ya hilo moja nimefunga mlango wa chumba na kumwambia shangazi yako asinigongee.

Unajua kwamba nilikuwa fundi wa maji chini ya Mbelgiji mmoja, kabla ya uhuru. Nimekusimulia mara nyingi jinsi nilivyojifunza kuunga tuyo na kufungua koki zilizokwama, robine kama alivyoziita, na wewe ulikuwa unacheka. Kofi nililopigwa sikukusimulia. Siku moja tulitengeneza tangi katika nyumba ya ufukweni. Nilipomaliza, mikono yangu ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, nikafungua robine niliyotoka kuitengeneza nikanawa. Maji yalikuja ya moto. Nilikuwa nimefunga matangi mengi kwa miaka, na siku hiyo ndiyo ya kwanza maji yake kunigusa ngozi. Bibi mwenye nyumba aliniona, akapiga kelele. Patroni wangu, yule Mbelgiji, akaja, akanipiga kofi mbele yake, akaniambia nisugue lile beseni kwa majivu mpaka ling'ae. "Maji haya si yako," alisema, kwa Kiswahili, ili nielewe vizuri.

Nilisugua. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, nikasugua.

Uhuru ulipokuja, patroni alivuka kwenda Usumbura na masanduku mawili, hakurudi. Nyumba yake ya Rugenge ilibaki, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Tukahamia. Nyuma ya chumba cha kuogea, nje, ukutani, kulikuwa na tangi la lita mia mbili. Sikulala vizuri mpaka nimeliwasha.

Feza, sisi tunaishi Uvira. Saa sita mchana maji ya bomba yenyewe yanatoka vuguvugu. Hata watu kumi wa pwani hii hawahitaji tangi la lita mia mbili, sembuse watu watatu. Mama yako aliniambia siku ya kwanza kabisa. "Minye nimeoga maji ya Tanganyika tangu nizaliwe," alisema. "Hiyo mashine iko ya kazi gani?" Nikamwambia ni ya kazi ya kuoga kama watu. Akaniuliza kama sisi zamani tulikuwa tunaoga kama nini. Nikamnyamazisha. Niliacha lile tangi likichemka mchana kutwa, na kila mgeni aliyekuja nilimpeleka bafuni aweke mikono chini ya robine. Wewe ulikuwa mdogo, unakimbia mbele yao kuwaonyesha njia. Nilidhani ninakupa heshima. Nilikuwa bado naosha lile kofi.

Halafu waasi wakaja. Ulikuwa na miaka kumi na miwili nilipokupeleka Nyakabere kwa bibi yako, kwa sababu tulidhani vita vitapenda mji kuliko mashamba. Kwa hiyo yaliyofuata hukuyaona. Umeyajua kwa mdomo wangu tu.

Umeme ulikatika wiki ile ile. Mtu mwenye akili angesema: vizuri, tuoge maji baridi, tungojee. Mimi nililishusha tangi kutoka ukutani. Nililiweka juu ya matofali, palepale nyuma ya bafu, nikawasha kuni chini yake. Maji niliyapandisha kwenye pipa juu ya paa, yakashuka yenyewe ndani ya tangi. Siku mbili za kazi. Majirani walikuwa wanachimba mashimo ya kujificha, na mimi natafuta kuni za mikaratusi ili maji yangu yasipoe.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo penye lile moja. Kila tangi lililofungwa lina kidude chini, supape, kidogo kama kidole gumba. Maji yakipata moto yanavimba, yanatafuta nafasi. Njia ya kurudi kule yalikotoka imefungwa na kilango cha ndani, basi nafasi yao ni ile supape tu. Inatoa tone, tone, tone. Watu wanadhani imeharibika. Haijaharibika. Hilo tone ndilo linalowaacha mkiwa hai.

Juu ya moto wa kuni, ile supape haikutoa tone. Ilitoa mkojo wa mbuzi. Maji niliyoyapandisha kwa mabega yangu yalimwagika chini, yakazima nusu ya moto. Nilikasirika. Nilichonga kijiti cha mti mgumu, nikakifunga kitambaa chenye lami, nikakigongelea kwa nyundo. Tone likakoma. Nilifurahi, Feza. Fundi wa maji wa miaka kumi na mitatu, niliyewafungia Wazungu supape hizo kwa mikono yangu, nilifurahi.

Kwenye njia panda karibu na nyumba waasi waliweka bariyeri, kizuizi cha barabarani. Mmoja wao alikuwa mkulima wa Sange, jina lake Kabura. Hakuwa mtu wa vita. Walikuwa wamemtoa kwenye shamba lake la mpunga wakampa bunduki ambayo aliibeba kama jembe. Kila asubuhi alikuja na bidoni, dumu dogo, kumwomba mama yako maji ya moto ya kumwoshea mwenzake kidonda cha mguu. Mama yako alimpa. Mimi sikupenda. Nilimwambia mama yako mbele yake kwamba hapa si hospitali ya waasi. Mama yako akajibu kwamba kidonda hakina chama, akamjazia bidoni mpaka juu.

Asubuhi moja Kabura alisimama akaliangalia tangi. Kabla ya hapo aliwahi kuchochea moto kwenye mashine ya mpunga kule bondeni, mashine ya mvuke.

"Mzee," akaniambia, "hii kitu iko inalia ndani. Nani amefunga mahali ya kupumua?"

"Mimi."

"Kwa mashine ya mupunga patroni alikuwa anasema, ukifunga pale, utazikwa. Toa ile kijiti, mzee. Maji itapotea kidogo tu."

Nilimwambia aende kwenye bariyeri yake. Nilimwambia mkulima wa Sange hawezi kunifundisha kazi ya tuyo. Nilimwita jina ambalo sitaliandika. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akamshukuru mama yako kwa maji, akaondoka.

Siku ya tatu baada ya hapo, asubuhi, nilichochea moto mkubwa kwa sababu kulikuwa na mvua na kuni zilikuwa mbichi. Nikatoka mbele ya nyumba kuzungumza na jirani. Mama yako aliingia bafuni. Kabura alikuja kwa nyuma na bidoni yake kama kawaida. Kitu cha kwanza nilichosikia ni sauti yake, anapiga kelele: "Mama, toka humo! Mama, toka!" Kisha tangi likapasuka.

Ukuta wa bafu uliingia ndani. Nilipofika nyuma kulikuwa na mvuke tu, sioni kitu, na ndani ya mvuke Kabura alikuwa anatupa matofali kwa mikono mitupu, na maji yale yalikuwa bado yanachemka juu ya matofali. Yeye ndiye aliyemtoa mama yako. Ngozi ya mikono yake ilibaki pale. Mimi nilisimama. Nataka ujue hilo pia. Nilisimama nikiangalia, kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu namna gani.

Mama yako aliishi mpaka kesho yake alasiri. Alikuwa na akili zake zote. Aliniuliza, "Ulikuwa bado umeziba?"

Nikasema, "Ndiyo."

Halafu akasema, "Umwambie Feza vizuri. Asisikie kwa watu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nimeyakalia miaka saba.

Watu walikuwa wamekwisha kuamua kabla sijafungua mdomo. Kishindo, muasi nyuma ya nyumba, mwanamke amekufa: ni bomu. Walikuja kunipa pole na wakanieleza wenyewe jinsi mke wangu alivyouawa. Niliwaacha waeleze. Vipande vya tangi nilivikusanya nikavitupa ziwani. Nilipokuja Nyakabere kukuchukua, nilikuambia kwamba muasi alitupa bomu, na wewe ukauliza jina lake. Nikakupa.

Jeshi la serikali liliporudi, Kabura alikuwa amejificha Rugenge na mikono yake imefungwa vitambaa, kwa sababu maumivu yale hayakumruhusu kutembea mbali. Majirani walimtoa. Ofisa alimleta uani kwetu, akamsimamisha mbele ya ule ukuta, akaniuliza, "Ni huyu aliyetupa bomu?"

Kabura aliniangalia. Hakulia, hakuomba. Alisema tu, "Mzee, sema."

Nikasema, "Ndiyo."

Umekwisha kunisikia nikijitetea kwa mambo madogo, unajua ninavyoweza. Kwa hili nimetafuta maneno. Niliogopa kwamba wakijua tulimpa maji kila siku, wataniita muasi na mimi. Hiyo ni kweli. Lakini kuna ya pili iliyo mbaya zaidi: nilimchukia kwa sababu alikuwa amesema sawa. Mkulima yule aliona kijiti changu mara moja akajua, na mimi fundi sikutaka kujua. Nilitaka aondoke duniani na macho yake yale.

Hawakumwua. Walimpiga mpaka mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili, wakamfunga gerezani miaka miwili. Alirudi Sange na fimbo. Hawezi kusimama ndani ya maji ya mpunga tena. Anakaa barabarani anauza mihogo ambayo mke wake analima.

Wewe unamjua mtoto wake. Ulikutana naye kwenye arusi ya binamu yako, kijana wa ofisi kutoka Bukavu, msafi, mpole. Miezi minne iliyopita ulipogundua Damasi ni mtoto wa nani, ulilia siku mbili. Siku ya tatu ulikuja mbele yangu ukasema, "Papa, Damasi hakutupa bomu. Alikuwa mutoto sawa na minye. Nitaolewa naye." Nilipiga meza. Nilikuambia unataka kulala kwenye kitanda cha wauaji wa mama yako. Nilichukua kifo chake nikakupiga nacho kama fimbo, nikijua fimbo hiyo nimeichonga mwenyewe. Tangu siku hiyo huzungumzi nami, na umefanya vizuri, ingawa hukujua kwa nini.

Damasi alikuja wiki iliyopita, asubuhi, wewe ukiwa sokoni. Hakukaa mpaka nilipomwonyesha kiti.

"Papa," alisema, "baba aliniambia yote alipotoka gerezani."

Nilimuuliza kwa nini basi hajakuambia wewe.

"Minye nilitaka. Baba alikataa. Alisema, hiyo maneno iko ya mwenye nyumba, si ya mgeni."

"Na unaoa binti yangu hivyo hivyo?"

"Ninaoa Feza. Weye hukuniuliza kama ninakupenda." Alisema bila ukali, na ningependa angesema kwa ukali. "Lakini sitaishi na bibi mwenye kufikiri baba yangu aliua mama yake. Ninangoja mpaka siku ya kuondoka. Usipomwambia, nitamwambia minye, njiani."

Kwa hiyo usije ukanisifu kwa barua hii. Nimeandika kwa sababu kijana yule amenisukuma ukutani. Nilimchukia alipokuwa anashuka ngazi, na nikiandika bado ninamchukia kidogo, kwa sababu amefanana na baba yake machoni. Kama unataka kumkasirikia naye kwa kunyamaza, mkasirikie, lakini usimwache. Ni mtu anayeweza kukuambia kwamba jambo fulani litapasuka, naye ataendelea kukuambia hata ukimtukana. Mimi nilikuwa na watu wawili wa namna hiyo uani mwangu, mama yako na Kabura, sikumsikiliza hata mmoja.

Mtakapoweka tangi lenu, supape ile itaanza kutoa tone. Utasikia kila mkiliwasha. Jirani atakuambia inapoteza maji, fundi wa uongo atakuambia anaweza kuinyamazisha. Weka kopo chini yake, mwagilia mboga. Usimruhusu mtu yeyote kuifunga, hata kama ni mume wako, hata kama ni mimi nimekuja kukutembelea, jambo ambalo sidhani utalitaka. Na siku ile tone likikoma lenyewe wakati maji bado yanapata moto, zima umeme na mtoke nje wote, halafu muite mtu anayejua.

Nimebakiza jambo la kesho. Shangazi yako ameniambia mpango wako. Gari litasimama Sange, watu wa Damasi watakuwa barabarani kumpokea bibi arusi, na wewe umeapa kwamba utabaki ndani ya gari na kioo kimepandishwa mpaka Kabura aondoke. Umesema utamzalia wajukuu lakini mkono wako hataushika.

Shuka, Feza. Shuka kabla hawajakufungulia mlango. Mikono yake ina makovu mpaka viwikoni, na vidole viwili havikunjiki. Usishtuke, mshike yote miwili. Ni mtu pekee aliyemshika mama yako akijaribu kumwokoa. Mimi sitakuwepo. Ningeweza kupanda gari hilo hilo nikaketi nyuma yako, na nimekaa hapa tangu saa nane nikijaribu kujiambia nitapanda, lakini ninajijua.

Barua hii usiichome. Mpe Damasi aisome kwa sauti pale barabarani, baba yake akiwa amekaa, watu wa Sange wote wakisikia, pamoja na ile "ndiyo" niliyomwambia ofisa. Nimeandika jina langu lote chini kwa ajili hiyo. Wakitaka kuja kuniuliza, waambie niko nyumbani, Rugenge, nyumba yenye ukuta wa nyuma uliojengwa upya. Mlango hautakuwa umefungwa.

Baba yako,
Lubunga Zakaria, fundi wa maji